Mkaguzi Aliyetuchelewesha

Simu ya meneja ilinikuta ghalani kwangu Malaba, nikibishana na mama mmoja wa upande wa Uganda aliyeniletea maharage yenye mawe. Tulikuwa tumefika mahali patamu pa ubishi, yeye akiniita nyabo, yaani mama, kwa sauti ya upole, mimi nikijifanya nimekasirika kuliko nilivyokasirika.

"Mwenyekiti," meneja akasema, "ile barua tuliyokuwa tunaiogopa imefika."

Nikamlipa yule mama bei aliyoitaka. Nadhani mpaka leo anashangaa.

Wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa sacco yetu, chama cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara wa mpakani. Wanachama wetu ni watu wa nafaka, wa mitumba, wa samaki, wenye malori wachache na akina mama wengi wa vibanda. Ofisi kuu iko Malaba, na tawi dogo liko Busia mjini. Sheria inataka hesabu zetu za mwaka zikaguliwe na mkaguzi wa nje, kisha zipelekwe kwa mamlaka inayosimamia sacco kabla mwezi wa tatu haujaisha. Zikikubaliwa, ndipo tunaitisha mkutano mkuu na kuwapa wanachama gawio lao. Mwaka huo hesabu zetu zilifika mwezi wa sita.

Barua ilisema tumepigwa faini. Ile ya sacco ilikuwa nzito, lakini kilichonikausha mate ni aya iliyofuata: kila mjumbe wa bodi angetozwa faini yake mwenyewe, kutoka mfukoni mwake. Na mpaka jambo hilo liishe, hakuna mkutano mkuu wala gawio.

Gawio ndilo lililokuwa likiwauma wanachama. Watu walikuwa wamelipangia karo, mbolea, paa la nyumba. Nikienda kanisani wananiuliza, nikienda kusaga wananiuliza. Mume wangu, ambaye ni fundi wa malori na hapendi kuingilia mambo ya sacco, aliisoma ile barua mara moja, akaikunja, akaniuliza kama itafika mahali pa kuuza ng'ombe. Nikamwambia sijui. Akarudi kwenye spana zake.

Bodi ilikutana kesho yake. Mweka hazina wetu ndiye aliyeanza. Huyu ni Mwislamu wa Busia mjini, mwenye malori ya kubeba saruji, mtu wa maneno machache ambaye siku hiyo alikuwa nayo mengi.

"Vitabu tulimpa mkaguzi mwezi wa kwanza," alisema. "Mimi mwenyewe nilimpelekea kwa gari langu. Akakaa navyo, tukipiga simu anasema kesho, kesho. Sasa mimi nilipe faini kwa sababu yeye alilala?"

Meneja akatueleza kwamba rufaa inaruhusiwa. Mamlaka inaweza kuifuta faini kama kuchelewa kulitokana na jambo lililokuwa nje ya uwezo wetu.

"Basi jambo lenyewe ni yeye," mweka hazina akasema. "Tuandike kwamba mkaguzi amezembea. Na tumshtaki kwa wahasibu wenzake, wamnyang'anye leseni."

Wengine wote wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikawaomba wanipe nafasi niongee naye kwanza. Hawakufurahi, lakini walikubali, kwa sababu walijua jinsi mzee yule alivyokuwa kwetu.

Niseme kidogo juu yake. Ni mtu wa Namboboto, mrefu, mwenye kuvaa koti hata jua likiwaka. Sacco yetu ilianza tukiwa wanawake wachache wa soko tunaoweka akiba kwenye kisanduku, na yeye ndiye aliyekaa nasi kwenye benchi la kanisa akitufundisha tofauti ya mali na deni. Hakutucheka tulipouliza maswali ya kitoto. Miaka kadhaa baadaye, mwenyekiti aliyenitangulia alijipa mkopo mkubwa na kutaka usionekane kwenye hesabu. Mkaguzi alikataa kutia sahihi. Mwenyekiti akambembeleza, akamtisha, mwisho akajiuzulu. Kama si mkaguzi huyo, sacco ingekufa zamani. Kwa hiyo kumwandika kuwa mzembe kuliniuma kama kumtukana mjomba wangu.

Nilimkuta ofisini kwake Busia, orofani juu ya duka la vitambaa. Nilipoingia alikuwa ameketi karibu na dirisha. Aliinua uso akanitazama, akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mgeni yeyote.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Uso wake ukabadilika. "Ah, mwenyekiti! Marahaba. Keti, keti."

Nikaketi nikiwa nimeshaudhika. Nikawaza, hata mimi hunijui leo? Nikamwonyesha barua. Hakuipokea. Alisema meneja ameshamsomea kwenye simu. Nikamuuliza kwa nini alituchelewesha. Akasema kazi zilikuwa nyingi, stima zilikuwa zinapotea, kompyuta ilimsumbua. Alikuwa akiongea akitazama meza, na mimi niliyemfahamu kama mtu wa neno moja nikawa namsikiliza akitapatapa kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mzee," nikamwambia, "bodi inataka kukushtaki. Nimekuja kukutetea na hunipi kitu cha kukutetea."

"Waambie wanishtaki," akasema. "Wana haki."

Nikaondoka kwa hasira. Nilishuka ngazi, nikasimama upande wa pili wa barabara nikisubiri gari la kunirudisha Malaba. Barabara ile ya kuelekea mpakani ilikuwa imejaa malori, na boda zikipita katikati yake kama panzi. Hapo ndipo nilipomwona mkaguzi akitoka kwenye lango la jengo. Alishuka polepole, mkono mmoja ukigusa ukuta. Alipofika ukingoni mwa barabara akasimama. Nikagundua kitu cha ajabu: alikuwa amegeuza sikio upande wa magari, si macho. Lori likapita, akasubiri. Kukawa na nafasi ya kutosha kabisa ya kuvuka, lakini hakuvuka. Halafu akaanza kuvuka wakati boda inakuja. Dereva akapiga honi na kumkwepa, akamtukana bila hata kugeuka. Mzee akarudi nyuma, akasimama tena palepale.

Nikavuka nikamshika mkono. Hakuuliza ni nani. Tulivuka pamoja, na tulipofika upande wa pili akanigusa bega.

"Asante, dada. Mungu akubariki. Haya malori ya siku hizi hayana huruma."

Kisha nikasema, "Mzee, ni mimi."

Mkono wake ukawa mgumu ndani ya wangu.

Tuliingia kwenye kibanda cha chai kilichokuwa karibu, tukakaa nyuma kabisa. Nilimwekea kikombe mkononi. Alikaa nacho bila kunywa, akaniambia yote. Macho yake yalianza kuingia ukungu miaka miwili iliyopita. Kwanza alidhani ni miwani, akanunua nyingine, halafu nyingine. Mwishowe hakuweza kusoma tarakimu kabisa.

"Baba yangu alikufa kipofu," alisema. "Na ndugu yake pia. Ilianza hivihivi, ukungu, kisha giza. Naijua njia hii, mwenyekiti. Nilikuwa nikimshika baba mkono kumpeleka msalani."

"Umeenda hospitali?"

"Kufanya nini? Kuambiwa ninachokijua?"

Nikamuuliza sasa hesabu zetu alizikaguaje. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Alisema alizipeleka nyumbani. Asubuhi, kazi za shamba zikiisha, mke wake alikuwa akikaa naye nje na kumsomea mstari mmoja baada ya mwingine, risiti na vitabu vya benki, naye akijumlisha na kulinganisha kichwani. Mke wake ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Akichoka, wanaacha. Ng'ombe akiingia shambani, wanaacha. Ndiyo maana miezi ikapita.

"Basi hiyo ndiyo sababu," nikasema. "Ugonjwa uko nje ya uwezo wetu. Tukiwaambia hivyo watatusamehe."

Akaweka kikombe chini kwa uangalifu, akitafuta meza kwanza kwa kidole.

"Nakuomba usiwaambie. Waambie nilizembea. Mzembe anaweza kupewa kazi tena mwakani. Kipofu hapewi."

Nikamwahidi, naye akakubali kuja kujieleza mwenyewe tukikata rufaa. Hata sasa sijui kama nilifanya vizuri, lakini mtu aliyekaa vile mbele yako huwezi kumkatalia.

Nikarudi kwa bodi na maneno machache: tukate rufaa, na mkaguzi atakuja mwenyewe kueleza mbele ya kamati. Mweka hazina alinitazama kwa muda mrefu. Wengine walipotoka alibaki nyuma.

"Kuna kitu unaficha," akasema.

"Ndiyo."

"Ni wizi?"

"La. Hilo nakuapia."

Akachukua funguo zake mezani. "Sawa. Lakini siku hiyo asipoeleza vizuri, mimi nitasimama na kusema yangu."

Tukakata rufaa. Majuma ya kusubiri yalikuwa mabaya. Nilikuwa nikipima mahindi nasahau nimefika debe la ngapi. Kila mwanachama aliyeingia ghalani nilijua anataka kuuliza nini kabla hajafungua mdomo. Na zaidi ya yote nilikuwa nimebeba siri ambayo ingeweza kutuokoa, na sikuwa na ruhusa ya kuitumia.

Kamati ya rufaa ilikuwa ikizunguka kaunti za magharibi, na zamu yetu ilipofika ilikaa katika chumba kimoja cha mikutano Busia mjini. Walikuwa watu watatu. Mwenyekiti wao alikuwa mama wa makamo aliyevaa sweta jekundu, mwenye sauti ya chini, wa wale ambao hawahitaji kupaza sauti. Mimi, mweka hazina na meneja tulikaa upande mmoja. Mkaguzi aliingia na mke wake. Mama yule alitembea nusu hatua mbele, mkono wa koti la mumewe ukigusa wake, na kama hukujua ungedhani ni wazee wanaopendana tu. Alimkalisha kitini, akaenda kukaa nyuma.

Nilisimama kwanza. Nikaeleza kwamba vitabu vyetu vilikuwa tayari mapema, kwamba tulimfuatilia mkaguzi mara nyingi.

"Na yeye aliwapa sababu gani?" mwenyekiti wa kamati akauliza.

"Sababu ni yake, mama. Ameona aje aiseme mwenyewe."

Akamgeukia mkaguzi. Mzee akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Nilizembea," akasema. "Nilichukua kazi nyingi kuliko uwezo wangu. Kosa ni langu, si la sacco."

Mama yule hakuandika chochote. Alikaa akimtazama.

"Mzee, nimepitia faili la sacco hii tangu mwanzo. Ninyi hamjawahi kuchelewa, hata mwaka ule wa vurugu za mwenyekiti wenu. Mtu hazembei ghafla uzeeni." Akatoa karatasi kwenye faili, akampa msaidizi wake ampelekee. "Hii ndiyo barua uliyotuma pamoja na hesabu. Nisomee aya ya pili. Kuna kitu pale sikielewi."

Mkaguzi akaipokea. Akaishika kwa mikono miwili, akaiinamia. Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, mtu akiliita njoo, njoo, njoo. Nikamwona mke wake kule nyuma amejisogeza ukingoni mwa kiti, midomo yake ikitaka kumsaidia. Mweka hazina alikuwa ameanza kuinuka kando yangu.

Mzee akaiweka karatasi mezani.

"Siwezi kusoma, mama."

"Huwezi au hutaki?"

"Sioni. Hata wewe nakuona kama kivuli kilichovaa kitu chekundu."

Mweka hazina akarudi kitini polepole. Akanigeukia, na sikuhitaji kumwambia lolote.

Nilidhani mambo yameisha hapo, lakini kumbe swali gumu lilikuwa bado. Mmoja wa wanakamati akauliza, na alikuwa na haki, kama mkaguzi haoni, hizi hesabu zimekaguliwa na nani? Kabla mzee hajajibu, mke wake alisimama kule nyuma.

"Nilisoma mimi," akasema kwa sauti ya darasani. "Kila mstari. Yeye alijumlisha na kuuliza. Mahali alipotaka risiti, nilimtafutia risiti. Kama kuna kosa la kusoma, liandikeni kwangu. Na madeni ya watu niliyoyasoma humo nimekwisha kuyasahau yote."

Mwenyekiti wa kamati akainamisha uso, na nadhani alikuwa akificha tabasamu. Wakatuomba tutoke nje. Tulipoitwa tena akatuambia uamuzi wa muda. Hesabu zetu zingepitiwa upya na mkaguzi mwingine. Na kuhusu macho, wanahitaji ripoti ya daktari.

"Siwezi kuandika kwenye uamuzi kwamba mtu fulani alisema haoni," akasema. "Daktari ndiye anayepaswa kulisema hilo."

Tukatoka. Uani mkaguzi akasimama.

"Heri mlipe faini," akasema. "Nitauza kiwanja changu niwasaidie kulipa. Lakini kwa daktari siendi."

Hapo mke wake akawaka. Sijawahi kumsikia mama mtulivu akiongea vile. "Miezi yote hii nakusomea! Nimesoma tarakimu mpaka nikilala naziota. Umeshasema mbele ya serikali kwamba huoni. Sasa unaogopa nini tena? Unaogopa kijana wa hospitali na tochi yake?"

Mweka hazina alikuwa ameenda kwenye gari lake. Akarudi, akafungua mlango wa mbele.

"Mzee, ingia."

"Twende wapi?"

"Hospitali ya Alupe. Nimepiga simu. Leo wanapima macho."

Nilidhani angekataa. Lakini labda ni ile sauti ya mtu aliyekuwa akitaka kumshtaki, sasa inamwita kwa upole. Akaingia. Na sisi wanawake tukakaa nyuma.

Hospitalini foleni ilikuwa ndefu, ya wazee wenye fimbo na wajukuu wao. Tulipoingia, daktari wa macho alikuwa kijana mwenye haraka, lakini alipoanza kupima haraka ikamwisha. Alimtia mzee matone, akamwangalia kwa mwanga, akamweka kidevu kwenye chombo, akampima na presheni, shinikizo la ndani ya macho. Mzee alikaa kama mtu anayesubiri hukumu, mikono juu ya magoti. Mke wake alikuwa ameshika mkoba wangu badala ya wake na hakujua.

"Mzee," kijana akasema akizima taa, "nani alikuambia unakuwa kipofu?"

"Baba yangu alikuwa hivi."

"Presheni yako iko sawa. Nyuma ya jicho, kwa ninavyoona, pako sawa. Hii ni mtoto wa jicho. Amekomaa kwenye macho yote mawili. Tutamtoa."

Mkaguzi akageuza uso kuifuata ile sauti. "Anatoka?"

"Anatoka. Tunaanza na jicho moja, likipona tunafanya la pili."

"Na nitaona?"

"Kwa kweli mzee, nategemea utaona vizuri. Utahitaji miwani ya kusomea tu."

Mke wake akakaa chini. Kulikuwa na kiti, lakini alikaa sakafuni, palepale, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mimi nikamwinamia, nikauchukua mkoba wangu mikononi mwake. Mzee hakucheka wala kulia. Aliuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kwa hiyo baba yangu, labda naye..."

Daktari akasita. "Siwezi kujua, mzee. Hakupimwa."

"Ndiyo," mkaguzi akasema. "Hakupimwa. Wala mimi sikumpeleka. Hakukuwa na mahali pa kumpeleka." Akatoa leso akajifuta macho yale yasiyoona. Mke wake akainuka kutoka sakafuni akamshika kichwa, akakilaza tumboni kwake mbele yetu sote, jambo ambalo watu wa rika lao hawalifanyi.

Nilipotoka nje nilimkuta mweka hazina kando ya gari. Hakuwa ameingia kwenye chumba cha daktari, lakini mlango ulikuwa wazi na alisikia. Alikuwa akipangusa kioo cha gari kilichokuwa kisafi.

"Mimi nilitaka wamnyang'anye leseni," akasema bila kunitazama.

"Hukujua."

"Sikuuliza." Akaendelea kupangusa.

Mkaguzi mpya alitoka Bungoma, mwanamke kijana aliyeongea kwa haraka. Alikaa ofisini kwetu Malaba akipitia kila kitu. Siku hizo sikulala vizuri, maana kama angekuta hitilafu kubwa, ripoti ya daktari isingetusaidia kitu. Siku aliyomaliza alituita, akafunga kompyuta yake, akasema hesabu ziko sawa. Alikuta mstari mmoja tu ambao tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi, kiasi kidogo cha kununulia sukari. Tulipompigia mke wa mkaguzi kumuuliza kwa utani, alikumbuka mara moja. Alisema hiyo ilikuwa ni asubuhi ambayo ng'ombe wa jirani waliingia kwenye mihogo.

Tuliporudi mbele ya kamati, mzee alikuwa ameshafanyiwa jicho moja. Alivaa miwani ya giza, na safari hii alitembea mbele ya mke wake. Alipopita karibu nami akasimama, akanitazama usoni kwa muda, kama anayekagua.

"Mwenyekiti," akasema, "umezeeka."

"Na wewe mzee umepona mdomo kabla ya macho," nikamjibu. Wote tukacheka, hata meneja ambaye hakuwa amecheka tangu barua ifike.

Mama wa kamati alisoma uamuzi kwa ile sauti yake ya chini. Alisema kuchelewa kulitokana na ugonjwa wa mkaguzi ambao bodi haikuujua wala haingeweza kuuzuia. Faini ya sacco ikafutwa. Faini ya kila mjumbe ikafutwa. Mkutano mkuu ukaruhusiwa. Kisha akaweka karatasi chini akatutazama sisi wa bodi.

"Lakini niwaambie jambo. Mkaguzi wenu alichelewa miezi mitatu, na hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda kumtazama mpaka sisi tulipowaandikia barua. Mlikuwa mkipiga simu tu. Kuanzia sasa, mwezi wa pili ukifika na kazi haijasogea, nendeni kwa miguu yenu."

Ilikuwa kweli.

"Alhamdulillahi," mweka hazina akasema kwa sauti ya kusikika, na yule mama akamwitikia.

Nakumbuka tulipotoka nje nilimpigia mume wangu. Nikamwambia, "Imefutwa." Akasema, "Yote?" Nikasema, "Yote." Kisha nikasikia kwenye simu nyundo za gereji yake. Tulikwenda kula samaki sote pamoja, mweka hazina akikataa mtu mwingine yeyote kulipa. Mzee alikula huku akisifu kila kitu alichokiona: mistari ya kitambaa cha meza, miiba ya samaki, bango la rangi upande wa pili wa barabara, ambalo alilisoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho ingawa lilikuwa la kuuza mabati.

Baada ya jicho la pili alituandikia kwamba hatakagua tena hesabu zetu. Alisema si kwa ajili ya macho. Alisema mkaguzi akishakuwa rafiki wa bodi kiasi kile, ni wakati wa kupisha mwingine. Tukampa kazi yule dada wa Bungoma.

Mkutano mkuu tuliufanya kwenye uwanja wa shule Malaba, chini ya hema. Niliwaeleza wanachama yaliyotokea, kwa ruhusa ya mkaguzi, ambaye alikuwa ameketi mstari wa mbele na mke wake. Walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Kisha nikasoma kiwango cha gawio, na makofi yakapungua. Mama mmoja wa mitumba akasimama, akashika kiuno. Akauliza, wamesubiri mwaka mzima kwa gawio dogo namna hii? Mwingine akadakia. Mzee mmoja wa samaki akataka kujua kwa nini hema limekodiwa ghali. Wakapandishana sauti, wakabishana, meneja akawa ananitazama kwa huruma.

Nilisimama pale mbele na kipaza sauti mkononi, nikawaacha waendelee. Nilifurahi kuwasikia wakilalamika tena, kama miaka yote.